Tukio la Saba, Mara ya Nne

Mjini Łódź theluji imegeuka tope.
Bogna anamfunga skafu mtoto asiye wake,
mara ya nne sasa, mwongozaji haridhiki:
"Taratibu. Kama unafunga kitu cha kuazima."

Anafunga taratibu. Kidole chake
chagusa kidevu chenye makombo ya biskuti,
na hilo halimo kwenye mswada.

"Kata!"
Mtoto achomoka mbio kwa mamake
aliyeketi nyuma ya taa na chupa ya chai.
Skafu yabaki mkononi, ingali na joto.

Usiku, ghorofa ya tatu, hakuna kamera.
Jagna wa Witold kapitiwa na usingizi sofani, viatu miguuni.
Kesho Jumapili, atarudishwa kwa aliyemzaa.
Bogna afungua kamba: fundo la kwanza,
la pili limekaza, alitia meno.
Uchungu wa mwana, husemwa, aujuaye ni mzazi.
Basi huu wangu unaitwaje?

Mtoto aguna ndotoni: "Mama."
Haijulikani yupi.

Bogna aitika,
kwa sauti ndogo
ya mtu aliyepokea simu ya wenyewe.