Daftari la Tumbo

Saa kumi na moja alfajiri Bondeni imelala,
ila jiko la Bi Time.
Mahamri yageuka matumbo kwenye mafuta,
mbaazi zimeshatiwa tui zito.
"Kula."
Sina njaa, nasema.
"Kwani nimekuuliza njaa?"

Nakula manne. La tano analifunga
kwenye karatasi ya mtihani wa mtoto wa watu
(hesabu, kapata thelathini na moja)
nalitia mfuko wa mgongoni alioushona mwenyewe,
pamoja na tende, kashata sita, ndizi kisukari,
na chupa ya ukwaju wenye sukari na chumvi
mpaka uso ukunjamane.

Mwaka jana sikubeba kitu.
Nilikuwa na baiskeli mpya
na kiburi cha mwenye baiskeli mpya.
Kahawa tungu, kikombe kimoja, basi.
Nikavuka Makupa kama barua ya haraka.
Changamwe niliyapita malori,
Miritini nikayapita mengine,
na Mazeras, barabara ilipoinuka,
mwili ukafunga duka.

Haukupiga kelele. Hauna tabia hiyo.
Mwili ni muuza duka mpole wa mtaani:
hukukopesha sukari, hukukopesha mafuta,
huandika daftarini huku akikuchekea,
halafu siku moja wakuta mlango umerudishwa
na taa ya ndani imezimwa.

Magoti yakawa ya mtu mwingine.
Jasho likapoa, nami ni juani, saa tano.
Nikaanza kulia, wala sijui kwa nini;
nadhani nilimlilia mbuzi
aliyekuwa akitafuna boksi kando ya lami,
kwa kuwa yeye alikuwa anakula.

Mbeyu, muuza mihogo, hakuniuliza natoka wapi.
Alinitazama midomo.
Akanikatia kipande, akanyunyiza chumvi,
pilipili akaizuia kwa kiganja:
"Hii baadaye. Ukisharudi kuwa mtu."

Nikarudi kuwa mtu, polepole.
Kwanza masikio, kisha vidole,
mwisho kabisa, haya.
Nilifika nyumbani juu ya lori la kokoto
nimeipakata baiskeli kana kwamba mgonjwa ndiyo hiyo.

Basi leo nimejiandikia mkononi, kwa kalamu:
TENDE MBILI KILA NUSU SAA.
Tumbo usilingoje liseme,
hilo husema likishachelewa.
Mlimani pumua, mteremkoni tafuna
(niliwahi kuyachanganya; nusu ya kashata
ikanitokea puani pale Jomvu).
Bi Time aliyasoma maandishi hayo
akauliza wali umeandikwa wapi.

Jua limepanda. Natafuna, nasukuma.
Kashata yapasuka menoni, sukari kwanza,
nazi baadaye, na karanga moja kaidi
inayonisindikiza mpaka kilima kiishe.
Mazeras nashuka kwa hiari yangu.
Mbeyu yupo, moshi ule ule, kisu kile kile.
Uso wangu hakuukumbuka.
Alitazama midomo, akatikisa kichwa polepole,
"Ahaa. Wewe."
Kisha, kisu hewani: "Pilipili?"
"Tia."

Nikala nimesimama, machozi yananitoka,
ila safari hii nilijua ni ya nini.
Nikaenda Mariakani, nikaenda Samburu,
nikanywa uji wa mtu, nikala viazi vya mtu,
nikageuza.

Magharibi imenikuta Makupa.
Upepo wa bahari wanipiga kifuani, chumvi kwa chumvi.
Chupa tupu. Karatasi ya hesabu imelowa mafuta,
ile thelathini na moja haisomeki tena,
mtoto wa watu kasamehewa.
Zimebaki dakika kumi, na tende moja mfukoni,
imekuwa laini kwa joto la mgongo wangu.

Sina njaa.
Naila.