Doa Juu ya K

Fedha za mnada zimeingia Jumanne,
na Alhamisi nimeshuka stendi ya Newala,
simu yangu mkobani, imefungwa mpira wa kufungia noti
maana betri imeumuka kama andazi.

Mfaume anaipokea kwa vidole viwili.
"Mama, hii si ya kuuza, hii ni ya kuzika."
Ananipangia tatu juu ya kioo:
hii ina kamera nne,
hii kumbukumbu yake haijai hata uweke harusi za wilaya nzima,
hii ya mkopo, elfu na mia mbili kwa siku,
ukichelewa inajifunga yenyewe.
Hiyo rudisha, mwanangu.
Sinunui mlango utakaonifungia nikiwa ndani.

Nauliza ninayoyajua mimi:
vumbi la salfa litaingilia wapi?
Tochi yake inafika kwenye mshale wa mizani
karani anaposema "arobaini na moja, mama, sogea"?
Na nikishuka shamba la bondeni, upande wa Ruvuma,
itajua kwamba bado niko Tanzania?
Hii ya zamani kila mara inanikaribisha Msumbiji,
kisha inanila salio.

Mfaume anacheka. Ya kamera nne haina jibu.
Nachukua ya katikati, laki mbili na kumi;
mimi nilianzia laki na nusu, yeye mbinguni.

Lakini ngoja niseme habari ya doa.
Miaka mitatu nyuma simu iliniponyoka ghalani,
likabaki doa jeusi, punje ya ufuta,
juu ya herufi k. Na k ikafa.
Tangu hapo naandika kama mtoto aliyeng'oka meno:
*esho nauja. Orosho zimepanda. Uu ametotoa saba.*
Wanangu wakacheka, wakazoea,
wakaanza kunijibu vivyo hivyo.
Nilimwandikia Somoe, yuko Dodoma: *naupenda*.
Akauliza, mama, unaupenda mti gani?

Na usiku ule, kwenye benchi la hospitali ya Ndanda,
niliandika: *baba yenu amefarii*.
Hakuna aliyecheka.
Hakuna aliyeona kwamba kuna herufi imepungua.
Kilichopungua kilikuwa kikubwa mno.

Jioni nimewasha mpya. K ipo, inang'aa.
Nimeibonyeza peke yake, *kkkkkkk*,
kama bomba la hapa kwetu siku maji yanaporudi.
Nikamwandikia Somoe, namba yangu ileile:
*Mwanangu, korosho zimelipwa. Kesho nakutumia karo.
Nikumbushe namba ya akaunti yako.*

Kimya. Halafu:
*Wewe nani? Simu ya mama umeipata wapi? Tapeli mkubwa.*
Nikapiga, akakata.
Nikapiga, akakata.

Nimekaa barazani, ukungu unapanda kutoka bondeni,
mkononi simu ambayo kila herufi iko hai,
na mwanangu hanijui.
Ile ya zamani iko ndani, kwenye kopo la vifungo.
Mfaume alinirudishia: chukua tu, mama, haifai hata spea.

Nikaanza upya, taratibu,
nikiiruka k
kama mtu anayeruka ngazi iliyooza
ambayo fundi ameshaitengeneza:
*Ni mimi, mama yao. Simu mpya tu. Naupenda.*

Haikupita dakika.
*Unaupenda mti gani?*

*Morosho*, nikamjibu.