Njia za Mkato

Fundi wa stendi ya Tukuyu aliitazama kompyuta yangu
kama daktari anayemtazama mgonjwa asiye na bima.
"Elfu hamsini, mama Ambwene. Nafuta kila kitu, naweka upya."
Nikamuuliza: kila kitu ndiyo nini?
Akapiga mwayo.

Kila kitu ni kikundi chetu cha Jumatano:
wanawake kumi na tisa, hisa zao, faini za kuchelewa,
mia tano ya yule aliyekuja bila kitenge cha sare.
Kila kitu ni miaka mitatu.
Nikaifunga mashine kwenye khanga, nikarudi nayo Makandana
chini ya mvua yetu isiyojua kubisha hodi.

Ugonjwa naujua ulikotoka.
Flashi yangu niliipeleka duka la kuchapa,
ikapita kompyuta zote za mle ndani
kama chungu cha kimpumu, kila mdomo na mrija wake,
ikarudi nyumbani na mimba ya mtu nisiyemjua.

Tangu hapo kila folda imegeuka mshale,
kamshale kadogo, kamepinda, kako kwenye kona:
njia ya mkato.
Ukikabofya kanakupeleka mahali pasipokuwapo.

Jumatatu, gengeni, Tusekile akasema:
"Siku hizi hela zinaliwa na kompyuta."
Akacheka.
Wenzake hawakucheka.

Basi usiku nikanunua bando la elfu moja, nikasoma kwenye simu.
Betri ya mashine ilikufa zamani, inaishi kwa waya;
nikauomba umeme wa Tukuyu uwe na utu.

Kwanza nikaikata mtandao, kilichomo kisiite ndugu zake.
Kisha nikaiwasha kwa ile namna ya uangalifu,
ikaamka nusu, maandishi makubwamakubwa, kona nyeusi,
kama babu aliyeamshwa kabla hajavaa meno.
Mle ndani nikamkuta mlinzi aliyekuja nayo tangu dukani.
Miaka mitatu sijamuuliza hata habari ya lindo.
Nikamwambia: pita chumba kwa chumba.

Akapita. Saa mbili na dakika arobaini.
Nikachambua maharage. Nikaongeza mkaa. Nikasinzia nimekaa.
Akaleta saba,
mmoja wao amejiita jina la kazi halali, kabisa, na kitambulisho.
Nikawafuta wote.

Folda hazikurudi.

Ambwene akaamka kwenda chooni,
akachungulia kwa jicho moja la kidato cha pili:
"Hazijafa, mama. Zimefichwa tu."
Akaenda zake.

Mstari wenyewe nilikuwa nimeunakili kiganjani kwa kalamu,
alama tatu za kutoa, nafasi kwa nafasi.
Nikauandika kwenye dirisha jeusi. Nikabonyeza.

Zikatoka moja moja,
kama vifaranga mwewe akishapita.
Hisa. Faini. Mfuko wa Jamii. Mikopo.
Na ndani ya Mikopo, mstari wa kumi na nne, jina langu:
laki moja na ishirini, tangu Machi, rejesho sifuri.

Hapo nikaondoa mkono kwenye kipanya.
Siku tisa kirusi kilikuwa kimenisamehe.
Hakuna mtu aliyewahi kunisamehe kiasi hicho,
na mimi nimekesha kukifukuza.
Kidole kilishazoea kufuta usiku huu.
Saba kimefuta; wa nane nani angemhesabu?

Mvua ikapiga bati. Mkaa ukawa jivu.
Nikahifadhi.
Nikanakili tena kwa mkono, kwenye daftari la mistari,
maana karatasi haiambukizwi mafua,
na mstari wa kumi na nne nikaukolezea wino.

Jumatano nilifika wa kwanza.
Nikaweka mezani elfu hamsini,
zile zile ambazo fundi hakuzila.
Tusekile akazihesabu mara mbili, akaniangalia.
"Kwa hiyo kompyuta imepona?"
"Imepona," nikasema.
"Mimi nimebakiza sabini."