Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kitabu cha pikipiki kilikuja ndani ya rambo,
kurasa zimegandana kwa grisi.
Kinasema: mnyororo ulegee milimita ishirini.
Kinasema: simamisha chombo mahali tambarare.

Tambarare ipi, hapa Mabatini,
ambako hata choo kimeegemea jiwe?

Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa Nkwimba aliyeniuzia:
*Ukibeba dagaa wa Mwaloni, maji yake yanakula chuma.
Paka oili usiku uleule, usihesabu kilomita.
Rula sina. Pima kwa kidole gumba.*

Nimechuchumaa, simu ya tochi nimeing'ata.
Gumba langu nene kuliko lake.

Nikampigia.
"Basi tumia cha shahada," akacheka.
"Na nati ya nyuma ikaze, Lugembe.
Hiyo kitabu kimeisahau."