Saa Tisa, Upande wa Kulia

Fomu ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu.
Umri: arobaini na nane.
Kazi: fundi cherehani, sare za shule, Majengo.
Uzito: hapa nilipunguza kilo tatu,
kisha nikakumbuka ni ndege,
nikafuta, nikaandika kweli.
Sababu ya kujiunga:
nikapaacha wazi, kama tundu
lililokwisha kutobolewa, kifungo hakijaja.

Kapteni Pereira hakuuliza.
Alinipeleka kwenye ndege iliyo nyuma kabisa ya uwanja,
ndogo, mabawa juu, mlango wake unafungwa kwa kubamizwa
kama wa kabati la jikoni.
Akasema: Wewe hutarusha. Wewe utatazama.
Nikamwambia, kutazama nimekufanya miaka thelathini.
Sindano ikianguka kwenye saruji
siipapasi kwa mikono,
nainamisha kichwa mpaka ing'ae.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaliandika hilo.

Somo la kwanza lilitushinda kwa saa.
Vitabu vyao husema: pua ya ndege ni kumi na mbili,
mkono wa kulia ni tatu.
Lakini saa tatu yangu mimi ni ya asubuhi,
akrabu iko kushoto, watoto wako darasani, chai imepoa.
Aliposema tatu, mimi nikatazama kushoto,
Dzombo aliyesomea bweni akatazama kulia,
Bi Nyevu wa duka la dawa
akatazama saa yake ya mkononi.
Wiki nzima tuligombana kwa heshima.
Mwishowe Kapteni akashika chaki:
Kikundi ni chetu, na saa ni yetu.
Kulia ni tisa. Asiyetaka apande basi.

Jumamosi moja ya Machi tukaitwa.
Kijana wa mashindano ya makasia, Tudor,
mkondo umemtoa nje ya miamba tangu jana alasiri.
Mabati ya Changamwe yakabaki chini,
na kreni za Kilindini, zimeinama
kama watu waliodondosha kitu.
Kisha maji.

Hakuna aliyenitahadharisha juu ya wingi.
Kila povu ni kichwa.
Kila kivuli cha wingu ni mtu kalala.
Kapteni akaenda, akageuza, akarudi,
akaenda, akageuza, akarudi,
nami nikaelewa: huyu anapiga pindo,
kazi yangu ni kuona mshono ulioruka.

Manjano.

Saa tisa! Kulia, chini ya bawa!
Ndege ikalala ubavu, tumbo likanipanda shingoni.
Tukashuka. Tukashuka tena.

Dumu.
La mafuta ya kupikia, lita ishirini, tupu,
linabingirika bila haraka.
Nikasema, Samahani, Kapteni.
Akasema, Andika.
Nikaandika: saa nne na dakika kumi, dumu,
manjano, hapana mtu.
Herufi zimekwenda upande.

Miaka sita nyuma, ufuoni Shelly,
nilikuwa nakunja pindo la gauni la mpwa wangu.
Niliona manjano majini, mbali,
yanazama, yanaibuka.
Nikajiambia: dumu.
Nikakata uzi kwa meno.
Usiku watu wakaja na tochi.
Ilikuwa fulana.

Kijana wa Tudor aliokotwa Jumatatu, huko Takaungu,
na watu wengine, midomo imepasuka,
anaulizia simu yake.
Sikumwona mimi.
Nililia hata hivyo, bafuni, bomba nimelifungulia.

Kapteni akanirudishia fomu:
Bi Mejumaa, hapa pana nafasi bado.
Nikaandika neno moja.
Akalisoma mara mbili, dumu,
akadhani labda nimekosea mstari,
akanitazama, akaitia kwenye faili.

Kesho ni zamu yangu.
Nimemaliza kaptula kumi na nne za darasa la tatu.
Miwani nimeisafisha kwa kipande cha khanga,
mara moja,
na mara nyingine.