Kome wa Kusa

Mwaka ule Nyando ulihamia kwetu bila kupiga hodi,
ukalala vitandani siku arubaini.
Ziwa likameza matope yote ya milimani;
kome wakazikwa wima, midomo wazi.

Dorka Nyamolo, msaga makombe ya chakula cha kuku,
akapiga magoti majini, akapapasa:
udongo, udongo, kandambili ya mtoto, udongo.
Kinu chake kikaota kutu. Kuku wa Ahero
wakataga mayai yenye ganda laini kama ulimi.

Hakuna aliyewapanda. Hakuna baraza lililoitishwa.
Ila mwana wa kome, mdogo kuliko chembe ya unga wa wimbi,
hujibana kwenye shavu la samaki,
akasafiri bure asikokujua
mpaka achoke, aachie, aanguke.

Mwaka wa tatu Dorka akakanyaga kitu kikali.
Akakiinua: kome, kadiri ya ukucha wa kidole gumba,
mistari mitatu mgongoni,
wa kwanza hafifu, wa pili hafifu,
wa tatu mpana.
Damu ilimtoka unyayoni. Hakuifuta.

Akamrudisha palepale, ubavu uleule,
akapanda ufuoni na debe tupu
akihesabu kwa sauti:
mmoja.