Chombo Si Mwili

Usiku wa Tartu. Theluji imeziba dirisha la maabara.
Maarika anahesabu seli kwenye darubini:
juzi elfu nane, leo mia tatu.
Dondoo la uyoga mweusi, ule unaoota
kama kovu la moto kwenye mti wa gome jeupe,
limefanya kazi.
Ndani ya kioo.

Hata siki ingeziua, anajikumbusha.
Hata jiki.
Chombo hakina ini, hakina figo,
hakitapiki, hakina mtoto wa kukililia.

Mama yake yuko hospitali ya ng'ambo ya mto, orofa ya tatu,
mkono umechomekwa dripu, kichwani skafu ya kijani.
Shangazi Leida amekuja na chupa, chai ya uyoga uleule,
kaivisha soksi ya sufu isipoe.
"Wewe ndiye msomi. Sema basi, anywe?"

Msomi ana majedwali kumi na saba.
Hana jibu la kijiko kimoja.

"Tumuulize daktari kwanza. Huenda ikagombana na dawa."
Leida ananuna. Mama anacheka, kicheko kikavu:
"Nipe niishike tu. Vidole vyangu vimekuwa barafu."

Akaipakata chupa, soksi na yote,
dripu ikidondoka, tone, tone,
na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu
akauliza kama kuna supu.

Daftarini Maarika ameandika: seli mia tatu.
Chini yake, kwa penseli, kitu ambacho hakutumwa kupima:
joto, kupitia sufu.
Supu, nusu bakuli.